Kikuba cha Zimwi

Paukwa!

Pakawa!

Nimwage?

Mwaga, tupo!

Msinitazame hivyo. Nilikuwepo, nimekaa juu ya ukuta wa Mzee Shaha, nikaona yote kwa macho haya.

Zaituni, binti wa Mzee Shaha, alikuwa na bustani uani kwao. Masika vilua, kipupwe mawaridi, kiangazi asumini. Hapakupita msimu bila harufu yake.

Siku moja likaja zimwi kuposa. Limejigeuza mtu, kanzu nyeupe, kofia imekazwa mpaka masikioni, maana mazimwi yana kinywa cha pili kisogoni. Jinga lile likadhani kofia inatosha. Na Mzee Shaha, jinga la pili, akaiona kanzu akakubali papo hapo.

Zimwi likaitazama bustani, likatema mate. "Majani haya. Kazi ya mbuzi."

Zaituni akaingiwa na baridi moyoni. Neno la baba limeshatoka. Akasema, "Sawa, baba. Ila desturi ni desturi. Bwana harusi anichumie asumini humu humu kwa mkono wake, aniletee kikuba nikibandike kifuani, kinukie usiku. Akishindwa siku tatu, posa imevunjika."

Basi siku ya kwanza zimwi likachuma asubuhi, maua yamekwisha kufumbuka. Jioni yakawa kama maganda ya vitunguu. Zimwi likatema mate: "Majani haya. Kazi ya mbuzi."

Siku ya pili likachuma jua la utosi. Yakanyaukia mkononi, likatema mate tena: "Majani haya. Kazi ya mbuzi."

Zaituni akamwambia babake kwamba hata kipofu wa mtaani anajua asumini huchumwa alasiri, ingali tumba, ifumbukie kifuani mwa mvaaji. Huyu kalelewa na nani? Mzee Shaha akamnyamazisha: watu wa mbali wana mila zao.

Siku ya tatu likachelewa, likaja magharibi, asumini ndiyo kwanza zinafumbuka. Likazamisha kichwa kizima kichakani. Harufu ikalipanda puani. Basi likapiga chafya, na chafya ikatokea kisogoni. Kofia ikaruka. Kinywa kikabaki wazi, meno kama majembe.

Mzee Shaha akakaa chini puu. Zimwi likanguruma kwamba litamla binti na babake. Kila likipanua kinywa, chafya.

Zaituni akavunja tawi la asumini, akalipungia usoni. "Unile nini wewe, bwana harusi? Ua tu limekushinda. Nenda porini, majani yako yako huko."

Likakimbia, likipiga chafya mbele na nyuma. Mzee Shaha hakuinua macho. Zaituni akaiokota ile kofia, akaijaza udongo, akaotesha mrehani.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipokatika, mwenye kutaka kuunga na aunge. Anayedharau asichokijua, hicho hicho humvua nguo.

Yote niliyaona, wallahi. Isipokuwa ule mrehani wa kwenye kofia. Huo nimeuotesha mimi.