Maji ya Kibuyu Kimoja

Ardhi haisifiwi kwa kunywa, husifiwa kwa kuweka. Mmeniuliza methali hii imetoka wapi. Ilianza hivi, nami naisimulia nikiinamisha uso kidogo, kwa sababu Senkoro alikuwa babu yangu mzaa baba.

Mdogo wake alipofariki, Senkoro aligawa shamba la ukoo, huku chini ya milima ya Upare, kati yake na mjane wa marehemu, Namkunda. Upande mmoja ulikuwa wa kichanga, mwepesi kulima. Mwingine ulikuwa wa udongo mweusi wa mfinyanzi, unaonata kwenye jembe. Mbele ya jamaa, Senkoro alichukua kibuyu cha maji akayamwaga huku na huku. Kwenye kichanga maji yalizama mara moja. Kwenye mfinyanzi yalituama.

"Mnaona?" akasema. "Huu una kiu, utazaa. Ule unatema maji kama mtoto mgonjwa. Shemeji, chukua ule."

Watu wakacheka. Namkunda akauchukua upande wake. Alilima kwa taabu, akainua matuta ili mizizi isioze, akapanda mahindi.

Mvua ilinyesha siku nne, kisha ikakatika mwezi mzima. Mahindi ya Senkoro yalijikunja, yakakauka kabla ya kubeba. Ya Namkunda yalisimama, yakabeba.

Senkoro alimwendea kwa njia ya korongoni ili asionekane, kikapu kitupu kwapani. Namkunda alimkuta akisitasita pembeni mwa shamba.

"Karibu, shemeji. Watoto hawajambo?"

"Wana njaa," akasema, akitazama chini.

Namkunda alichimba chini ya bua, akamwekea udongo kiganjani. Senkoro aliufinya. Ukashikamana, bado una ubaridi.

"Haukuyatema maji," Namkunda akasema. "Ulikuwa unayanywa polepole. Hukungoja uone."

Kisha akamjazia kikapu. Senkoro alishindwa kukiinua.

"Afadhali ungenitukana," akasema. "Nilikucheka mbele ya watu."

"Basi, na haya yaseme mbele ya watu."

Kikao cha ukoo kilipokutana, babu yangu alisimama.

"Nilimpa mjane nilichokidharau, nikajichukulia nilichokitamani. Leo wanangu wanakula kwake. Wala sikumwomba radhi mpaka aliponishurutisha."

Hakuna aliyecheka. Wengi wao walikuwa wamecheka siku ile ya kibuyu, sasa walitazama miguu yao.

"Nimejifunza nikiwa mzee," akamalizia, "ardhi haisifiwi kwa kunywa, husifiwa kwa kuweka."