Kuku Aliyeatamia Kitasa

Siku za kawaida mkunga hupita njiani na watu wakamcheka mwendo wake, mikono yake na maneno yake ya kizamani. Uchungu ukibisha hodi, mikono ileile ndiyo inayotafutwa mbio mbio, na anayeitafuta husahau hata kuvaa viatu. Ndiyo maana wahenga walituonya tusitukane wakunga na uzazi ungalipo. Fundi seremala mmoja aliijua methali hii tangu darasa la nne na aliweza kuieleza bila kukwama. Hata hivyo, aliyekuja kumfundisha maana yake alikuwa kuku, tena kuku mzee aliyekuwa amekwisha kuandikiwa sufuria.

Fundi huyo alikuwa mchapakazi, mwenye mikono ya dhahabu na mdomo usio na breki. Nyuma ya nyumba yake, kati ya karakana na kamba ya kuanikia nguo, palikuwa na ua mdogo uliojaa viumbe. Kulikuwa na mbwa wawili. Mkubwa, jike aliyekwisha kuzeeka, aliitwa Meneja kwa sababu alishinda amelala huku wengine wakihangaika. Mdogo aliitwa Dereva, maana hakuna gari lililopita barabarani ambalo hakulikimbiza. Paka naye aliingia siku moja ya mvua na hakuondoka tena, hivyo akaitwa Mpangaji. Kisha walikuwapo kuku kumi na wawili wa kishingo, wale wenye shingo tupu zisizo na hata unyoya mmoja. Ukoo wao ulianzia kwa kuku wawili ambao mama yake fundi alikuja nao kikapuni alipoolewa. Mama alikuwa amefariki miaka mingi, lakini kila fundi alipowaona wakichakura asubuhi, moyo wake ulimwambia kwamba mama bado yuko uani.

Kuku mmoja tu ndiye aliyemkera. Alikuwa ameacha kutaga, na fundi alimwita Mstaafu. Kazi pekee aliyobaki nayo ilikuwa kuatamia, na hapo hakuwa na simile. Aliatamia mawe. Aliatamia viazi. Mwishowe alihamia kwenye kibanda cha Meneja, akajibanza ubavuni mwa mbwa, na huko akaatamia kitasa kipya kilichoanguka kutoka mfukoni mwa fundi.

"Hebu njooni mwone maajabu!" fundi alipiga kelele siku hiyo. "Hili lizee linangoja kitasa kiangue funguo!"

Binti yake wa miaka kumi na mmoja, ambaye kwa wingi wa maswali yake nyumba nzima ilimwita Kwanini, alicheka mpaka akashika mbavu. Fundi alimkamata Mstaafu kwa mabawa, akamtumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi mara tatu ili joto la kuatamia limtoke. Alifanya hivyo karibu kila siku. Kuku alijikung'uta, akatembea taratibu na kurudi palepale kwa Meneja.

"Baba Kwanini, mwache mwenzio," mkewe, aliyekuwa mshonaji wa nguo, alimwambia huku akikata uzi kwa meno. "Ule moto alionao tumboni, ipo siku tutauhitaji."

"Tuuhitaji wa nini? Wa kupigia pasi?"

Kitasa chenyewe kilinunuliwa kwa ajili ya mlango wa banda la kuku, ambao kwa miezi miwili ulikuwa ukifungwa kwa kijiti. Fundi alikitundika kwenye msumari na kusema atakifunga kesho. Kesho ikawa keshokutwa, na keshokutwa ikazaa wiki. Ndipo kulipokucha siku moja wakakuta kijiti kiko chini na mlango uko wazi. Kicheche, yule mnyama mdogo asiye na huruma na kuku, alikuwa amepita. Kuku kumi na mmoja, jogoo wao akiwamo, walilala chini wamekufa, na manyoya yalitapakaa mpaka karakana. Aliyepona alikuwa Mstaafu, kwa kuwa alilala kwa mbwa.

Fundi aliketi juu ya gogo lake la kupasulia mbao, akakataa hata chai. "Seremala mzima mimi!" alisema. "Ninatengeneza milango ya watu, mlango wa kuku wa mama nimeufunga kwa kijiti!" Mkewe hakumkemea. Aliingia jikoni, akatoka na kikapu chenye mayai ishirini yaliyotagwa wiki ile. Hayo ndiyo yaliyobaki ya ukoo mzima, na kila mmoja pale uani alilielewa hilo bila kuambiwa.

"Tumpe Mstaafu kadiri atakavyoweza," mke alisema.

"Nimkabidhi urithi wa mama kuku asiyejua yai ni lipi na kitasa ni kipi? Nitatengeneza mashine."

Na kwa kweli aliitengeneza, sifa yake tumpe. Kwa siku mbili hakulala sawasawa. Alitoka na sanduku la mbao lililopigwa randa likang'aa, lenye balbu mbili, kipimajoto, bakuli la maji la kuleta unyevu na kidirisha cha kioo. Kwanini alichora kwa penseli msalaba na namba upande mmoja wa kila yai na duara upande wa pili, akawa anayageuza mara tatu kwa siku bila kukosa. Siku ya saba walizima taa ya chumba, wakamulika mayai kwa tochi, na ndani yake wakaona mishipa myekundu ikitapakaa kama mizizi ya mche. Fundi aliimba kutwa nzima.

"Siku vifaranga wakitoka," alitangaza mbele ya wote, "Mstaafu ndiye kitoweo cha sherehe. Mashine imemrithi kazi." Alimtumbukiza tena kwenye ndoo, safari hii kwa mzaha tu.

Siku ya kumi na nne, adhuhuri, upepo mkali ulipita juu ya mtaa ukiwa na mvua nzito. Balbu zilimeta, zikazimika. Fundi alimpigia simu jirani yake, fundi umeme, naye akamjibu kwamba nguzo tatu zimelala barabarani. "Hesabu siku tatu, ndugu yangu. Zikipungua, mshukuru Mungu."

Fundi alifunika sanduku kwa mablanketi. Alizungushia chupa za maji ya moto, joto likapanda kupita kiasi, akaziondoa, likashuka. Kipimajoto kilisoma thelathini na tano, kikasoma thelathini na tatu. Kwanini alisimama pale kioo kilipo, machozi yakimlengalenga. Mke wa fundi aliangalia tu kule kwenye kibanda cha Meneja, na fundi alijua anaangalia nini.

Alitoka mbio kwenye mvua. Mstaafu alipoiona ile mikono inakuja, alipiga ukelele ulioitikisa kamba ya nguo, akachoropoka, akajipenyeza chini ya rundo la mbao. Fundi alilala kifudifudi kwenye tope, akamvuta, akamweka juu ya kiota kizuri alichokiandaa karakanani kwa maranda makavu. Kuku aliruka chini na kurudi chini ya mbao. Alimvuta tena, naye akaruka tena.

"Baba," Kwanini aliuliza, "kwa nini anakukimbia?"

Fundi alimtazama mwanawe, tope likimchuruzika usoni. "Kwa sababu ya ndoo," alijibu, na aibu ilimshika kama vile ameulizwa mbele ya umati.

Hapo kiburi kikamtoka. Alichukua kikapu cha mayai, akapiga magoti mbele ya kibanda cha mbwa, akayapanga kwenye maranda mahali palepale alipokuwa akipadhihaki. Meneja aliinua kichwa, akayanusa moja baada ya jingine, kisha akajisogeza polepole na kujikunja kuyazunguka, kama alivyokuwa akiwakunjia watoto wake zamani. Fundi alirudi nyuma hatua tano. Alivua kofia.

"Bibi," alisema akielekea rundo la mbao, na wala hakujali kama majirani wanasikia. "Bibi, nimekukosea. Nimekutukana, nimekutia majini, na aliyeuacha mlango bila kitasa ni mimi. Hawa ni watoto wa mama yangu. Sina mwingine wa kumwomba."

Mvua ilinyesha. Kisha shingo nyekundu isiyo na manyoya ilichomoza chini ya mbao, ikageuka huku na kule. Mstaafu alitoka. Alimpita fundi bila kumtazama, akaingia kibandani, akajikung'uta maji, akaanza kuyavuta mayai kwa mdomo, moja moja, chini ya kifua chake. Aliyafunika kumi na matatu. Yaliyobaki saba mke wa fundi aliyawekea kitambaa cha sufu na kuyasukuma kwenye tumbo la Meneja, naye Meneja akashusha pumzi ndefu na kutulia.

Siku tatu ua ule uliendeshwa kwa minong'ono. Dereva alifungwa kamba na magari yakapita salama. Mpangaji alikaa juu ya paa la kibanda, na panya mmoja aliyethubutu kuchungulia hakurudia. Meneja, ambaye uvivu wake ulikuwa kichekesho cha mtaa, aliletewa chakula palepale, kwa kuwa alikataa kunyanyuka isipokuwa kwa dharura, na akitoka alirudi mbio kuliko Dereva. Mstaafu alishuka mara moja tu kwa siku, akanywa, akadonoa kidogo, akarudi. Kwanini ndiye aliyegundua kitu ambacho hakuna aliyekitarajia: kwa kufuata alama zake za penseli aliona kwamba kuku yule alikuwa akiyasukuma mayai yaliyopata joto kuelekea tumbo la mbwa, na kuyavuta yale ya mbwa chini yake. Wale wawili wazee walikuwa wakipokezana zamu.

Umeme uliporudi, balbu za mashine ziliwaka na sanduku likang'aa karakanani. Fundi alichukua kikapu, akatembea hadi kibandani, akasimama.

"Vipi?" mkewe alimuuliza.

"Mama Kwanini, kazime ile taa. Nani anamtoa mkunga chumbani katikati ya uchungu?"

Siku ya ishirini na moja asubuhi, sauti nyembamba zilisikika kibandani. Kifaranga wa kwanza alitokeza chini ya bawa la Mstaafu akiwa bado amelowa, na shingo yake ilikuwa tupu, nyekundu, ya kishingo halisi. Fundi alilia waziwazi, akafuta machozi kwa kiganja chenye vumbi la mbao, akalia tena. Hadi jioni walitoka kumi na sita. Mayai manne hayakuanguliwa, na Mstaafu hakuyaacha mpaka siku mbili baadaye. Meneja alilala na vifaranga wakipanda na kushuka mgongoni mwake.

"Baba, na kitoweo cha sherehe?" Kwanini aliuliza kwa uchokozi.

"Leo tunakula maharage," fundi alijibu. "Na ndoo ile mpe mama yako afulie."

Kabla ya kula alichukua kitasa msumarini, akakifunga kwenye mlango wa banda, akakijaribu mara sita. Kesho yake aling'oa kidirisha cha ile mashine, akatoa balbu, akajaza maranda na kuisogeza karibu na kibanda cha mbwa, ili Mstaafu akipenda apate chumba chake. Hakupenda. Alibaki kwa Meneja, na hakuna aliyethubutu kumlazimisha.

Miezi ikapita, vifaranga wakakua, ua ukajaa tena shingo tupu. Jirani fundi umeme alikuja siku moja kuazima msumeno, akachungulia kibandani na kumkuta Mstaafu ameatamia kiazi kwa heshima zote.

"Ala! Lizee hili bado mnalo tu?" alicheka. "Mnaliwekea nini kama si ujinga?"

Fundi seremala aliweka kidole mdomoni, akamvuta jirani yake kwa mkono hadi mbali kidogo na kibanda.

"Shusha sauti, ndugu yangu, asije akakusikia," alimwambia. "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo."