Kivinjari Kipya na Poda ya Kambo

Mbacha ni mkeka uliochakaa, na msala ni mkeka mzuri wa kuswalia. Mwenye msala akipita njiani, macho ya watu humfuata, hata mtu akaona haya kuulalia mbacha wake. Lakini msala ule unapita na mwenyewe, na giza likiingia ni mbacha utakaokulaza. Régine, mwanafunzi wa historia katika chuo kikuu kimoja cha Lubumbashi, aliijua methali ya mbacha na msala tangu shule ya msingi, na kule kuijua hakukumfaa kitu.

Alikuwa akiandika tasnifu juu ya wanawake wachuuza samaki wakavu wa Ziwa Mweru. Marejeo yake aliyatunza katika programu ya kompyuta aliyowekewa na rafiki yake Chilufya, waliyesoma pamoja tangu mwaka wa kwanza. Kazi yake ilikuwa nyepesi: ukifungua makala kwenye kivinjari, unabofya kitufe kidogo cha kiendelezi kilicho pembeni, nacho huchukua jina la mwandishi, kichwa, mwaka na makala yenyewe, kikaviweka vyote katika maktaba ya programu. Tatizo lilikuwa kivinjari. Kilikuwa cha zamani, kizito, na kilikula mega za intaneti bila huruma. Ndiyo maana wasichana wa darasa lao walicheza likelemba ya mega: wote huchangia, na kila juma mmoja wao hupewa zamu ya kuingia mtandaoni mpaka atosheke.

Akatokea Emery, mwanafunzi mwenzao, mtanashati asiyepitwa na kitu kipya.

"Weye ungali na ile navigateur ya ba muzee?" akamwuliza. "Hii yangu inakula mega kidogo tu. Angaria vile inakimbia."

Régine akaingiwa na tamaa. Akakifuta kivinjari cha zamani, akaweka kipya, kisha akajitoa kwenye likelemba. Chilufya hakupendezwa.

"Uliangaria kama logiciel, ile programu yako ya marejeo, inapatana na ile navigateur? Extension haiko mule, Régine."

"Chilu, wivu haiko muzuri," Régine akamjibu akicheka. "Bouton iko. Ni ile nyota."

Kweli nyota ilikuwepo, pembeni mwa kivinjari kipya, palepale kilipokuwa kitufe cha zamani. Siku ileile programu ilimtolea ujumbe kwamba kivinjari chake hakikubaliki, akaufunga kama anayefukuza nzi. Tangu hapo kila makala aliyoisoma aliibofyea nyota, roho yake ikatulia. Maktaba yenyewe hakuifungua tena. Ndani ya tasnifu aliacha mabano matupu, akisema marejeo atayapachika yote mwishoni. Mtu akishaamua kutoangalia, hata jua la mchana halimsaidii.

Msimamizi wake, Profesa Anaclet, aliyeahidiwa kuwa marejeo yangekuja mwishoni, akazipenda sura alizosoma, na siku ya utetezi ikapangwa. Habari zikafika kwao Pweto, kando ya Ziwa Mweru. Kwao, siku mwanafunzi anapotetea tasnifu, ndugu huja wamevaa sare ya kitenge na kummwagia poda kichwani mpaka awe mweupe kama mwoka mikate. Bibi yake, waliyemwita Kambo, ndiye aliyemsomesha kwa samaki wake wakavu. Bibi huyo alipanda lori katika barabara mbovu, magoti yakimuuma, kopo la poda kalifunga kwenye kitenge chake. Aliwaambia wote kuwa hiyo ndiyo safari yake ya mwisho, na kwamba haombi kingine ila kuimwaga poda ile kwa mkono wake.

Juma la kukabidhi kazi lilipofika, Régine akaifungua maktaba. Marejeo yalikomea siku aliyohama kivinjari. Akazikimbilia nyota zake, akakuta zimehifadhi anwani za kurasa tu, na zote zimeandikwa jina moja la maktaba ya chuo. Alipozibofya zilimrudisha mlangoni, kwenye ukurasa wa kuombea kibali, kwa maana makala zile hufunguliwa kwa kibali cha muda, na muda ulikwisha kupita.

Akaenda kwa Chilufya, uso umemshuka.

"Nilizania kila kitu iko naingia mu maktaba," akasema. "Na ile ya zamani nilifuta."

"Nilikuambiaka," Chilufya akajibu. Akamrudishia kivinjari cha zamani na kitufe chake, akampa na zamu yake ya likelemba. Wakatafuta makala upya kutwa nzima, umeme ukikatika na kurudi kama kawaida yake, lakini mabano yalikuwa mengi kuliko siku zilizobaki. Emery alipoulizwa, alikuwa amekwisha kuhamia kivinjari kingine.

Profesa Anaclet akafunua kurasa polepole. "Mwanangu, kazi iko muzuri," akasema. "Lakini hii maneno ni ya nani? Bila références, bantu batasema uliiba. Utakuya kudéfendre ku deuxième session." Utetezi ukaahirishwa hivyo hadi kikao cha pili.

Nyumbani, sare zilikuwa zimekwisha kushonwa.

"Nani aliharibisha?" Kambo akauliza.

"Ni miye, Kambo."

Kambo hakumkaripia, na heri angemkaripia. Mvua zilikuwa karibu, na barabara ya Pweto haimngojei mtu. Siku ya kuondoka, akiwa tayari juu ya lori, alilitoa kopo akamkabidhi mjukuu wake. "Bakia nayo. Ile siku bakumwangie. Miye nitasikia mu téléphone." Régine akalia palepale kituoni, mbele za watu.

Katika kikao cha pili alifaulu, marejeo yake yakiwa yametimia. Chilufya ndiye aliyelifungua kopo na kulimwaga lote. Régine, poda ikimwingia machoni, akampigia Kambo, ambaye simu yake ya vitufe haionyeshi picha.

"Kichwa iko meupe?" Kambo akauliza.

"Iko meupe yote, Kambo."

"Ile ya kopo yangu?"

"Ee, njo ile."

"Muzuri," Kambo akasema, kisha akauliza tena kama poda imefika mpaka masikioni, na Régine akajua anajaribu kuona. Furaha ya Régine ikaishia hapo, kwani mkono uliotaka kuimwaga poda ile ulikuwa mbali, Pweto. Usiache mbachao kwa msala upitao.