Mbawakawa wa Kona ya Chini

Mwanamke mmoja alikuwa na kazi ya kupanga mbawakawa, wadudu wenye mbawa ngumu, katika kituo cha utafiti kando ya msitu. Jina lake Mkawasi. Aliwachoma pini ndani ya sanduku lenye kifuniko cha kioo, na kwa kuwa hakupewa mpangilio, alifuata macho yake. Waliong'aa kijani aliwaweka safu ya juu. Mmoja mweusi, wa aina inayoishi kwenye samadi, alimtenga kona ya chini.

Siku moja dada yake, Wakesho, alifika kituoni na kikapu cha viazi. Alikuwa ametoka kusomba samadi. Miguu imepasuka, kanga inanuka zizi. Huyu ndiye aliyembeba Mkawasi mgongoni mama yao alipofariki. Siku hiyo palikuwa na wageni, na mtafiti mkuu akauliza huyo ni nani.

Mkawasi akainamia sanduku. "Jirani tu," akasema.

Wakesho akaweka kikapu chini taratibu, kisha akaondoka bila kuaga.

Mtafiti alikuwa amechukua mguu mmoja wa kila mbawakawa na kuupeleka kupimwa vinasaba, zile alama za ukoo ambazo kila kiumbe huzibeba mwilini bila kuziona. Baada ya miezi mitatu majibu yalirudi. Wawili wa kijani, waliofanana kama mapacha, walitoka koo za mbali kabisa. Ndugu wa karibu wa mmoja wao alikuwa yule mweusi wa samadi.

Mtafiti hakumlaumu Mkawasi. Alimwomba tu apange upya.

Mkawasi akamtoa mweusi konani, akamchoma pini kando ya ndugu yake. Wa kijani hakupungua kung'aa hata kidogo, na hilo ndilo lililomwaibisha zaidi.

Jumamosi alikwenda kwa dada yake. Njia nzima alipanga maneno, yote yakampotea mlangoni pa zizi. Wakesho aliinua kichwa, akafuta mikono kwa kanga, akamsogezea kigoda.

"Karibu, jirani."

Mkawasi hakukaa. Alivua viatu, akainama, akaanza kuzoa samadi kwa mikono. Hakuacha mpaka zizi likawa safi.

Nawe, kama ungepimwa leo, ni nani angetolewa kona ya chini awekwe kando yako?