Ua Lililonyimwa Usingizi

Huko nyanda za juu, ndugu zangu, kule ukungu unakoingia mpaka jikoni, aliishi mkulima wa viazi aliyefiwa na mkewe mwishoni mwa kiangazi. Wiki moja baada ya mazishi mvua ya kwanza ikanyesha. Kesho yake, pembeni mwa nyumba, udongo uliokuwa mtupu ukapasuka, likachomoza ua jekundu. Wengi wenu mnalijua. Halingoji majani. Linatoka peke yake, duara, kama limefumwa kwa nyuzi za moto.

Mkulima akasimama mbele yake, jembe begani, akasahau alikokuwa akienda. Mkewe alilipenda mno ua lile. Tangu siku hiyo akawa haendi shamba kabla ya kukaa nalo. Anakaa juu ya gogo, ukungu unampita magotini, hajui kama yu macho au anaota. Mara anasikia mtu akipepeta mahindi nyuma yake. Akigeuka, hakuna mtu.

Baada ya siku kumi ua likanyauka. Yakaja majani mapana, zikaja punje nyekundu, ndege wakazila. Kisha mvua zikakatika na majani yakaanza kugeuka manjano. Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Akaanza kumwagilia. Asubuhi ndoo, jioni ndoo, maji ya kupanda nayo kutoka bondeni.

Alikuwa na binti mmoja, mwalimu wa shule ya mbali, aliyekuja kwa mazishi. Kila binti alipogusa sanduku lake, baba alisema, "Subiri kidogo, mama. Nyumba hii itanimeza." Binti akaomba ruhusa shuleni, akasubiri.

Siku moja akamkuta baba ameinama na ndoo.

"Baba, liache lilale. Kila kiangazi linalala ardhini. Mama hakuwa analigusa."

"Mama yako naye alisema anajilaza kidogo," akajibu, akaendelea kumwaga maji.

Wewe ungemjibu nini? Binti akarudi jikoni.

Mvua ya kwanza ikarudi. Asubuhi mlima mzima ulikuwa mwekundu. Pembeni mwa nyumba yake, hakuna kitu. Mkulima akangoja siku tatu. Ya nne akafukua kwa vidole, akalifikia tunguu la ua lile, lile linalofanana na kitunguu cha kupikia. Lilikuwa limeoza. Likamvunjikia mikononi kama ndizi iliyoiva kupita kiasi.

Nani aliliua? Jua? Panya? Yale ya mlimani hakuna aliyeyapa hata tone, nayo yamechanua. Hili liliuawa na mtu aliyelipenda.

Alikaa pale mpaka matope yakamkaukia vidoleni. Kisha akaingia ndani. Binti alikuwa anakoka moto, na kwa mara ya kwanza baba akaona jinsi alivyokonda.

"Ile ruhusa ya shule, bado ipo?"

"Walinipa mwaka mmoja, baba. Unaisha wiki ijayo."

"Funga mizigo, mama. Kesho nakusindikiza kituoni."

Binti akamtazama. "Na wewe utafanya nini humu peke yako?"

"Nitalia," akasema. "Mwaka mzima sijalia."

Ndugu zangu, najua mlingoja niseme kwamba ua lile lilifufuka. Halikufufuka. Sisi tuliomo humu, ni wangapi tunaogopa halafu tunaiita hofu hiyo mapenzi? Mtoto amekua, hatumruhusu aondoke. Marehemu tumemzika, lakini hatujamwachia Mungu. Tunamwagilia, tunachoka, na tunachokimwagilia kinaoza chini ambako hatuoni. Aliyepanga majira ya kuchanua ndiye huyo huyo aliyepanga majira ya kulala, wala hakutuomba tumsaidie kukesha.

Mama pale nyuma, baba pale dirishani, ukifika nyumbani leo mtazame yule uliyemshika. Mwulize kama anaumia. Na akisema ndiyo, usijitetee. Mwachie.