Sultani Alivyopangiwa Chumba cha Karibu na Jiko

Hapo zamani, katika mji wa Shangaji, palikuwa na Sultani aitwaye Badrani, mtu mwema sana akishashiba, naye alikuwa na merikebu mpya yenye vyumba saba. Merikebu ile ilijengwa miaka miwili, ikapakwa rangi ya kijani, ikatandikwa mazulia, na kila aliyeiona aliisifu. Ila ilikuwa na aibu moja: tangu ilipokwisha kujengwa haikupata kusafiri hata siku moja.

Kosa halikuwa la upepo wala la nahodha. Lilikuwa la jamaa ya Sultani. Ndugu yake mdogo, aliyekaa katika kisiwa cha ng'ambo, alikuwa akimwoza binti yake, naye alileta barua kwamba harusi haifungwi mpaka kaka mkubwa awepo. Basi wakapanda merikebuni mara ya kwanza, na kabla nanga haijang'olewa wakateremka wakigombana kwa ajili ya vyumba. Mara ya pili ikawa vivyo hivyo. Chumba cha nyuma kilikuwa kikubwa, kina madirisha sita, na kila mtu alikitaka. Chumba cha mbele kilipakana na jiko, kikinuka vitunguu tangu alfajiri, na hapana aliyekitaka. Bibi Ruzuna, mkewe Sultani, alisema cha nyuma ni chake kwa kuwa mumewe ndiye mwenye merikebu. Bibi Shemsa, dada yake Sultani, alisema ni chake kwa kuwa yeye amezaliwa katika ufalme, hakuolewa tu. Tena walikuwapo watoto wa mabibi hao wawili, vijana tisa wa miaka kumi na mitatu hata kumi na saba, nao walisema watalala popote mradi pawe mbali na wazazi. Na wazazi wakasema vijana hawalali ila pale wanapoonekana. Akawapo na Bi Mkubwa, mama yake Sultani, ambaye hakudai kitu. Yeye alinuna tu, na kununa kwake kuliwaelemea kuliko madai ya wengine wote.

Mimi siwacheki watu wale. Aliyewahi kukaa nyumba moja na kijana wa miaka kumi na mitano anajua: ukimpa chumba hiki ataka kile, na ukimpa kile atauliza kwa nini hakupewa tangu jana. Zidisha mara tisa, kisha uniambie kama nawe ungeng'oa nanga.

Basi barua ya pili ikaja kutoka kisiwani, na maneno yake yalikuwa machache: "Kaka, Ijumaa hii usipofika, nitamwoza binti bila wewe, na mlango wangu usiujue tena." Sultani akaisoma, chakula kikamshinda. Alimpenda ndugu yake, na aliona haya kumwambia kwamba ufalme mzima umeshindwa na vitanda.

Katika mji ule alikuwako fukara mmoja, jina lake Mbaruku, ambaye mali yake yote ilikuwa ulimi. Siku hiyo alikuwa amekaa kibarazani kwa mshona kofia, na watu wakizungumza habari ya merikebu, akasema, "Kwetu chumba ni kimoja, tumo watu saba na mbuzi, wala hatujapata kuchelewa harusi ya mtu." Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Lakini miongoni mwao alikuwapo mtumishi wa Waziri Shaibu, na Waziri hakumpenda Mbaruku hata kidogo. Neno likafika kwa Waziri, Waziri akalitia chumvi, akalipeleka kwa Sultani.

Mbaruku akaitwa. Sultani akamwambia, "Ndiwe usemaye kwamba jamaa yangu hawajui kulala?"

"La, maulana. Kulala wanajua. Kuingia chumbani ndiko kunakowashinda."

Sultani akataka kucheka, Waziri akakohoa, na kicheko kikarudi kilikotoka. Akasema, "Vema. Basi wewe utawapangia. Sikiliza sharti zangu. Kila mtu apewe chumba kwa jina lake. Vijana wakae mbali na wazazi kama watakavyo, lakini wasikose jicho la kuwaangalia. Kati ya wifi hawa wawili asiwepo wa kumpita mwenzake. Na kabla ya nanga kung'olewa, ikiwa mtu mmoja tu wa jamaa yangu atalalamikia chumba anacholala, utatoka Shangaji wewe na watu wako wote, wala msirudi."

"Na ikiwa hapana atakayelalamika, maulana?"

"Utakaa," akasema Sultani, maana kichwa kilimuuma na hakuwa na nafsi ya kufikiri zawadi.

Basi Mbaruku akarudi kwake, na ulimi wake uliozoea kucheza ukawa mzito. Aliogopa, wala sikufichi. Mama yake alikuwa haoni tangu miaka kumi, lakini mji wa Shangaji aliujua kwa nyayo: alikwenda kisimani peke yake, msikitini peke yake, kwa shoga yake peke yake, akihesabu hatua. Akipelekwa mji mwingine, siku hiyo ndiyo angekuwa kipofu kweli. Mbaruku akamtazama akipapasa mtungi mahali pake, akashindwa kumwambia.

Nyumbani mle alikuwamo mgeni, mjomba wao wa shamba, aliyelazwa usiku uliopita juu ya kitanda chenye kamba zilizolegea hata kiuno chake kikagusa sakafu, na mbuzi akimtafuna kilemba. Mama akamuuliza, "Umelalaje, kaka?"

Mjomba, mgongo umepinda, mkono kiunoni, akajibu, "Nimelala raha mno, dada. Sijapata kulala hivi tangu nizaliwe."

Mbaruku akamtazama mjomba, akatazama kitanda, kisha akaanza kucheka peke yake, mama akadhani amepata homa.

Sasa yakupasa kuijua desturi ya Shangaji. Watu wale waliweza kugombana juu ya kila kitu chini ya jua, lakini mgeni hakuyatia kasoro malazi aliyopewa. Palikuwa na mtu mmoja, zamani za babu zao, aliyesema katika nyumba ya watu kwamba godoro lina mabonge. Mpaka siku zile kizazi chake kiliitwa "Wana wa Godoro," na kuoa kwao kulikuwa kwa taabu. Mwenyeji naye alikuwa na yake: hakumwacha mgeni peke yake, wala hakulala kabla hajajua kwamba mgeni amestarehe.

Asubuhi Mbaruku akaomba funguo saba za merikebu, akaenda jumba la Sultani, akaanza na vijana. Akamkabidhi ufunguo Rukea, binti mkubwa wa Sultani, mwenye miaka kumi na saba na maneno ya watu arobaini. "Chumba cha nyuma, chenye madirisha sita, ni chenu ninyi vijana tisa, kwa jina."

Vijana wakapiga kelele za furaha hata njiwa wakaruka darini.

"Ila mna mgeni," akasema Mbaruku. "Bi Mkubwa, nyanya yenu. Atalala humo. Mtamwandalia, na kama mjuavyo, mgeni haachwi peke yake."

Kelele zikapungua. Sefu, nduguye Rukea, akauliza, "Na sisi tutalala wapi?"

"Ninyi pia ni wageni. Bi Mkubwa ana vyumba viwili ubavuni mwa hicho, kimoja cha wavulana na kimoja cha wasichana. Ni mbali sana na wazazi wenu."

Vijana wakatazamana. Kukataa kumkaribisha nyanya hawakuweza, na mbali na wazazi ndiko walikotaka. Bi Mkubwa naye, alipopewa funguo mbili na kuambiwa kwamba wajukuu wamemkaribisha katika chumba kikubwa, akaacha kununa mara ya kwanza tangu mwezi ule uandame.

Kisha Mbaruku akaenda kwa Bibi Ruzuna, akampa ufunguo wa chumba cha katikati, akamwambia mgeni wake ni wifi yake Shemsa. Akaenda kwa Bibi Shemsa, akampa ufunguo wa chumba cha pili cha katikati, kilicho sawasawa na kile, akamwambia mgeni wake ni wifi yake Ruzuna. Kila mmoja akauma midomo. Lakini kila mmoja akawaza, "Huyu asije akasema kwamba mimi sijui kukaribisha." Basi siku mbili zilizobakia jumba zima likanukia udi. Shuka za hariri zikatolewa makashani, asumini zikatungwa, mito ikashonwa upya, na mabibi wawili waliogombania kitanda sasa wakashindana nani atampa mwenzake kitanda kizuri zaidi.

Siku ya safari ikafika. Jamaa wakapanda merikebuni mchana, nanga iko chini bado, na Waziri Shaibu akazunguka mlango kwa mlango kama mwindaji, akitafuta lalamiko moja tu.

Akamwendea Bibi Shemsa, ambaye mji mzima ulijua kwamba hata asali huiona chungu. "Bibi, chumba hiki hakina dirisha. Chakuridhisha kweli?"

Bibi Shemsa akafungua kinywa. Akayatazama maneno aliyotaka kusema, nadhani, maana yalikuwa mengi. Lakini mlangoni amesimama Bibi Ruzuna na sinia ya halua, akitabasamu. "Wifi, umekosa nini? Sema, nikuletee."

"Sijakosa kitu, wifi yangu," akasema Bibi Shemsa. "Mashallah, umejitahidi. Na dirisha la nini? Jua laharibu uso."

Waziri akaenda chumba cha pili, akamkuta Bibi Ruzuna, aliyekwisha kurudi, amefukizwa udi mpaka macho yanamtoka machozi. "Bibi, moshi haukuzidi?"

"Haukuzidi hata kidogo," akasema huku akikohoa. "Wifi yangu ana mkono wa kufukiza."

Akaenda nyuma. Huko akamkuta Bi Mkubwa ameketi kati ya madirisha sita kama bibi harusi, vijana tisa wakimzunguka, huyu akimpepea, huyu akimkanda miguu, huyu akimsimulia habari, na hapana aliyethubutu kutoka kabla mgeni hajampa ruhusa. Wala Bi Mkubwa hakuwa mtu wa usingizi mwingi. Waziri akamwona Sefu akijongea mlangoni taratibu.

"Waenda wapi, mwenyeji wangu?" akauliza Bi Mkubwa.

"Siendi popote, nyanya," akasema Sefu, akarudi kushika upepeo.

Basi Waziri akawa amezunguka vyumba bila kupata kitu, vikabaki viwili tu. Mara ikasikika sauti ya Sultani kutoka mbele, inatikisa mbao. "Mbaruku! Aletwe Mbaruku hapa upesi!"

Waziri akakimbia kwa furaha. Mbaruku akaja, akijua kwamba neno moja hapa lingemtenga mama yake na kisima chake na shoga yake. Sultani alikuwa amesimama katika kile chumba cha jikoni, vitunguu vikikaangwa nyuma ya ubao, kilemba kimeloa jasho.

"Wewe mtu, una wazimu? Mimi ndimi Sultani! Nilisema kila mtu apewe chumba kwa jina lake!"

"Na nimewapa, maulana. Chako ni kile cha ubavuni mwa hiki, chenye zulia jekundu. Ufunguo anao mtunza vyombo wako, na jina lako liko mlangoni. Hukuniambia kwamba mtu alale katika chumba chake. Ungaliniambia, ningalifanya."

Waziri akasema, "Maulana, umeshalalamika? Sema neno moja tu, niite askari."

Sultani akavuta pumzi, na mashavu yakajaa. Ndipo Mbaruku akainamisha kichwa akasema, "Bwana wangu, una haki ya kulalamika. Ila lalamiko la mgeni humwendea mwenyeji wake. Chumba hiki nimempa binti yako kwa jina lake, wewe ni mgeni wake, naye yuko nyuma yako."

Sultani akageuka. Rukea alikuwa amesimama na bakuli la sharubati mikononi. Alikuwa ameomba ruhusa kwa nyanya yake kuja kumtazama mgeni. Kitandani alikuwa ametandika shuka ambayo ameitarizi mwenyewe, mishono imekwenda upande, na juu ya mto ameweka asumini, ili zishindane na vitunguu, na zilikuwa zimeshindwa vibaya.

"Karibu, baba," akasema. "Sijapata kuwa na mgeni wangu mwenyewe. Chumba kimekupendeza?"

Waziri akatega sikio. Hata mpishi akaacha kukoroga. Sultani akautazama uso wa mwanawe, ambaye kwa muda wa mwaka mzima hakumjibu ila kwa kupandisha mabega, na sasa amesimama akingoja jibu kwa hofu.

"Mwanangu," akasema, "sijapata kulazwa mahali pazuri kama hapa." Akaketi kitandani, akanywa sharubati mpaka chini, kisha akatoa kichwa mlangoni akanguruma, "Nahodha! Ng'oa nanga!"

Nanga ikang'olewa. Waziri akabaki kutazama maji yakipita. Naye Sultani akatuma mtu arudi kwa mtumbwi, akamwambie mama yake Mbaruku kwamba katika nyumba yake hapana wa kumtoa, yeye na watakaomfuata.

Kisha akakumbuka jambo. Akamuuliza mtunza vyombo, "Na chumba changu mimi, mgeni wake ni nani?"

Mtunza vyombo akatazama chini. Sultani akaenda mwenyewe, akafungua mlango, na juu ya kitanda chake, juu ya mito mitatu, akamkuta Mbaruku amejinyoosha, miguu ya vumbi juu ya shuka nyeupe.

"Maulana," akasema Mbaruku, akajiinua nusu, "sikuwa na njia. Uliniita merikebuni kabla nanga haijang'olewa. Imeng'olewa, na mimi sijui kuogelea."

Sultani akaitazama ile miguu. Akaweka mkono kifuani, akainama kidogo kama inavyompasa mwenyeji, akauliza kwa adabu kubwa, "Karibu, mgeni wangu. Umestarehe?"

Mbaruku akaubonyeza mto wa juu, akakunja uso, akasema, "Huu mmoja ni mgumu kidogo, bwana wangu. Lakini mimi nisemeje, na mimi ni mgeni?"

Ikawa Sultani Badrani akacheka mpaka akaketi sakafuni katika chumba chake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu ijengwe, merikebu ile ikafika harusini. Basi mimi nimeishia hapo. Na wewe usiku wa leo ukilazwa pabaya, angalia kwanza ni nani aliyekutandikia.