Gari la Mwalimu Hoza Lisilolala

Sikilizeni vizuri, maana mwishoni nitawauliza, na mimi mwenyewe jibu sina.

Huko milima ya Usambara, katika kijiji cha Kwemvumo, mawingu hushuka mchana na kupita katikati ya nyumba kama watu wanaokwenda zao. Hapo palikuwa na mafundi watatu waliotumia banda moja. Mzee Shekigenda alikuwa fundi redio, na masikio yake yalisikia kile ambacho wengine walidhani ni kimya. Kibibi alikuwa fundi umeme. Aliweza kufuata waya mmoja kati ya mia asiupoteze. Mahimbo alikuwa fundi bodi, mnyoosha mabati, na alijua maji huingilia wapi kwenye gari.

Mwalimu Hoza alikuwa na gari dogo la zamani. Masika yalipokolea, likaanza vituko. Waipa zilipangusa kioo kikavu. Taa ziliwaka na kuzimika zenyewe ndani ya ukungu, taratibu, kama mtu anayepepesa macho usingizini. Milango ilijifunga na kujifungua bila kuguswa. Watu wakasema gari linaota. Siku ya Alhamisi likakataa kabisa kuwaka. Kila ufunguo ulipozungushwa lilikaa kimya, kana kwamba halimjui mwenyewe, ikabidi lisukumwe mpaka bandani kwa mafundi.

Na kesho yake asubuhi Mwanaamina, mke wa Mwalimu, alitakiwa awe hospitali ya wilaya. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni, na daktari alishasema asisubiri uchungu. Gari jingine halikuwepo kijijini, na pikipiki kwenye utelezi ule isingemfaa.

Mwanaamina alikuja mwenyewe bandani, akaketi kwenye benchi, mkono tumboni.

"Ndugu zangu, sina kikubwa cha kuwapa," alisema. "Atakayeliponya gari hili, ndiye atakayempa mwanangu jina."

Kila fundi alikuwa na jina lake moyoni. Shekigenda alimkumbuka mama yake, Mashavu, ambaye hakuna mjukuu aliyeitwa kwa jina lake. Kibibi alimkumbuka mdogo wake, Shamimu, aliyefariki akiwa na miaka mitatu. Mahimbo na mkewe hawakujaliwa mtoto. Jina la Hidaya walikuwa wamelitunza miaka kumi na minane.

Shekigenda alitangulia. Aliomba gari lizimwe kabisa na watu wanyamaze. Akaketi kiti cha abiria, akaegemeza kichwa kwenye dashibodi na kufumba macho. Ukungu uliingia bandani ukawafunika miguu. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka Mwalimu akadhani amesinzia.

"Kuna kitu kinagonga humu," alisema hatimaye. "Kinagonga, kinatulia, kinagonga tena. Gari limezimwa, lakini kuna mahali halijalala. Kibibi, mwanangu, fungua hapa nyuma ya droo."

Kibibi alifungua, akakuta kile kisanduku cha kompyuta kinachoamuru taa, milango na waipa, na kinachoutambua ufunguo. Fundi mwingine angesema kimekufa, kiagizwe kingine Dar es Salaam, wasubiri wiki mbili. Kibibi alichukua mita akapima pini baada ya pini, midomo ikihesabu bila sauti.

"Mzee, kisanduku ni kizima," alisema. "Ni hapa kwenye soketi. Pini zimeota kutu ya kijani, zinavujishiana umeme. Kinasikia amri ambazo hakuna aliyezitoa, na sauti ya ufunguo inapotea humo humo."

Akazisugua kwa spiriti na mswaki. Gari likawaka. Mwanaamina akainuka kwenye benchi. Lakini kabla hajaufikia mlango, taa zikaanza kupepesa tena, injini ikazimika.

Mahimbo akasogea garini. Aliingiza mkono chini ya kapeti, ukatoka umelowa. Akafungua boneti, akafuata njia ya maji kwa kidole mpaka chini ya kioo cha mbele, na humo akachomoa majani ya mkaratusi yaliyooza, konzi baada ya konzi. Maji yalikuwa yamekosa pa kutokea, yakawa yanadondokea kisanduku tone kwa tone. Alizibua, akaziba ufa uliopitisha maji, kisha akakausha kila kitu kwa jiko la mkaa alilolipepea mpaka mikono ikafa ganzi. Kibibi akasugua pini mara ya pili. Shekigenda akaegemeza sikio.

"Limelala," alinong'ona.

Ufunguo ukazungushwa mara moja, gari likaamka, na halikuzimika tena mpaka hospitali.

Ijumaa saa nne mtoto wa kike akazaliwa salama. Mafundi watatu walifika wodini jioni na nguo zao za kazi. Muuguzi alikuwa ameshika kadi na kalamu.

"Jina la mtoto?" aliuliza.

"Nisingesikia, msingejua pa kufungua," alisema Shekigenda kwa upole.

"Nami nisingepima, tungekuwa bado tunasubiri kisanduku kipya," alisema Kibibi.

Mahimbo alimtazama mtoto kwanza. "Liliwaka mara moja bila mimi," alisema. "Halikufika hata barabarani."

Mwanaamina aliwatazama mmoja mmoja, mtoto akipumua kifuani pake. Ahadi aliyotoa ilikuwa ya mtu mmoja, na kadi ina nafasi ya jina moja.

Muuguzi bado anasubiri, na mimi nimeishia hapo. Mashavu, Shamimu au Hidaya? Ungekuwa wewe ndiye Mwanaamina, kalamu ungempa nani?